Wanga, utomvu na udongo wa mbugani: Tunduru itanufaikaje na teknolojia ya nanokompositi?

Na Mwandishi Wetu, Tunduru

KILA msimu wa korosho unapofunguliwa, macho ya wakulima wa Wilaya ya Tunduru huelekezwa kwenye bei ya mnada. Ni jambo la haki, kwa kuwa bei hiyo ndiyo inayoamua ada za shule, bati za nyumba na mtaji wa msimu unaofuata. Lakini korosho ghafi inayopakiwa katika ghala la Chama Kikuu cha Ushirika (TAMCU) na kusafirishwa nje ya nchi haibebi kiini peke yake. Takriban asilimia 70 ya uzito wake ni ganda. Katika msimu wa 2017/2018, Tanzania ilikusanya korosho ghafi zipatazo tani 313,000. Kwa hesabu ya haraka, maganda yake yalizidi tani 200,000, na sehemu kubwa ilivuka bahari kwenda India na Vietnam pamoja na kiini chake.

Maganda hayo, utomvu unaoganda kwenye mashina ya mikorosho mikongwe na maganda ya muhogo yanayotupwa nyuma ya nyumba ni mali ghafi za tawi la sayansi linalokua kwa kasi duniani: utengenezaji wa vifaa mchanganyiko, yaani kompositi, kwa kuunganisha polima za asili na madini ya udongo mfinyanzi katika kipimo cha nano. Neno nanokompositi limeanza kusikika katika mijadala ya vyuo vikuu vyetu, na mwananchi anayefuatilia matangazo ya Serikali kuhusu vifungashio mbadala, viwanda vidogo na uongezaji thamani wa mazao atakutana nalo zaidi. Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo inaweza nini, haiwezi nini, na kwa wilaya kama Tunduru ni wapi pa kuanzia.

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi. Plastiki ya mfuko wa rambo ni polima iliyotokana na mafuta ya petroli. Wanga wa muhogo pia ni polima, na vivyo hivyo selulosi ya katani na pamba, pamoja na kitosani inayopatikana katika magamba ya kamba wa baharini. Hizi za asili zina sifa moja njema: vijidudu vya udongoni huzitambua kuwa chakula, hivyo huzila zikaisha. Zina pia udhaifu unaofahamika katika kila jiko la Kitanzania. Ugali uliolala hukauka na kuwa mgumu, kwa sababu molekuli za wanga hujipanga upya na kusukuma maji nje. Mfuko uliotengenezwa kwa wanga mtupu hupatwa na hali hiyo hiyo: hukakamaa na kupasuka baada ya wiki chache, na ukinyeshewa hulainika kama karatasi ya daftari.

Hapo ndipo udongo unapoingia. Baadhi ya udongo mfinyanzi una madini yaitwayo montimorilonaiti, ambayo yameumbwa kwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Kila ukurasa una unene wa takriban nanomita moja, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Kurasa hizo zikitenganishwa zote, gramu moja ya madini hayo huwa na eneo la takriban mita za mraba 700, na gramu kumi zikawa na eneo linalokaribia lile la uwanja wa mpira wa miguu. Kwa sababu hiyo kiasi kidogo sana, kati ya asilimia 2 na 5 ya uzito wa mchanganyiko, hutosha kubadili tabia ya polima nzima. Tabaka hizo huishika polima isivutike ovyo. Aidha, huifanya hewa na mvuke vipite kwa mzunguko mrefu, kama mgeni anayetafuta njia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar badala ya kukatiza uwanja mtupu.

Sharti ni kwamba kurasa zitengane kweli. Udongo ukimwagwa tu katika wanga uliopashwa moto, matokeo hufanana na uji uliopikwa vibaya ukawa na mabonge. Kila bonge huwa chanzo cha ufa. Kazi yote ya maabara, kwa hakika, ni kuyavunja mabonge hayo.

Teknolojia hii haikuanzia katika polima za asili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maabara kuu ya kampuni ya Toyota nchini Japani walifaulu kutawanya tabaka za montimorilonaiti ndani ya nailoni. Kwa udongo usiofikia asilimia 5, joto ambalo nailoni hiyo ilianza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzijoto 65 hadi zaidi ya 140. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyenzo hiyo ilitumika kutengeneza kifuniko cha mkanda wa injini ya gari. Ili udongo ukubaliane na nailoni, hata hivyo, ulilazimika kwanza kutibiwa kwa kemikali za viwandani, kwa kuwa udongo hupenda maji ilhali polima nyingi za plastiki huyakimbia.

Wanga hauna tatizo hilo. Wanga hupenda maji, udongo nao hupenda maji, na viwili hivyo hukutana vyema ndani ya maji bila dawa ya gharama. Huo ni unafuu mkubwa kwa nchi isiyo na kiwanda cha kemikali hizo, na pia kwa usalama wa chakula, kwa kuwa baadhi ya kemikali zinazotumika kutibu udongo hazifai kugusana na kinachokwenda mdomoni. Upande wa pili wa sarafu hiyo, hata hivyo, haufichiki: mchanganyiko wa vitu viwili vinavyopenda maji nao utapenda maji. Udongo hupunguza kasi ya mvuke kupenya, lakini haugeuzi wanga kuwa plastiki ya petroli. Yeyote atakayefika katika kijiji cha Tunduru akidai kuwa na mfuko wa wanga na udongo unaostahimili masika sawasawa na mfuko wa plastiki, anastahili kuombwa auloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha mbele ya wanunuzi.

Suala la aina ya udongo linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo matumaini mengi hukosea njia. Udongo maarufu zaidi wa viwandani nchini ni kaolini ya Pugu, wilayani Kisarawe, inayofaa kwa vyombo vya kauri, rangi na karatasi. Tabaka za kaolini hushikana kwa nguvu na hazivimbi zikiloweshwa, hivyo kuzitenganisha katika kipimo cha nano ni kazi ngumu kuliko montimorilonaiti. Udongo unaovimba ni ule ambao wakulima na madereva wanaujua kwa tabia zake: udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kunasa matairi wakati wa masika. Kupasuka na kuvimba huko ni dalili ya madini ya kundi la montimorilonaiti. Mabonde mengi ya Tanzania yana udongo wa namna hiyo, ingawa mara nyingi umechanganyika na mchanga, mabaki ya mimea na chuma.

Kuusafisha hakuhitaji mitambo ya ajabu. Udongo huvurugwa katika maji mengi. Mchanga hutuama chini kwanza, chembe laini zikabaki zikielea na kukusanywa baadaye. Ikiwa madini hayo yana kalsiamu kwa wingi, hayavimbi vya kutosha. Hapo huongezwa magadi soda, na sodiamu ya magadi huchukua nafasi ya kalsiamu katikati ya tabaka. Tanzania, yenye Ziwa Natron, haiwezi kulalamika kwamba imenyimwa magadi. Tahadhari moja haipaswi kupuuzwa: vumbi la udongo mkavu lenye mchanga laini huharibu mapafu likivutwa kwa muda mrefu, jambo ambalo wachimbaji wadogo wa vito katika wilaya hii wana sababu ya kulielewa. Kazi hiyo ifanyike kwa udongo uliolowa, na barakoa zivaliwe.

Tunduru inaingia katika hesabu hii kwa mazao yake matatu yasiyolingana uzito.

La kwanza ni muhogo. Wanga wake ni mweupe, hauna ladha kali na hutengeneza utando mwangavu. Ndiyo maana watafiti wa Brazili na Asia ya Kusini-Mashariki wameupendelea katika majaribio ya vifungashio. Lakini muhogo ni chakula, na katika kusini mwa nchi yetu ni akiba ya familia mahindi yanapokosekana. Mpango wowote wa kiwanda unaoanza kwa kununua mizizi mizima unapaswa kujibu kwanza utafanya nini mwaka wa njaa. Maganda na mabaki ya usindikaji yana wanga na selulosi pia. Hayatoi utando safi kama wanga mweupe, ila hayagombanii sufuria na mtu.

La pili ni utomvu wa mkorosho. Mkorosho uliletwa na Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, na Wabrazili wenyewe ndio waliotangulia kuuchunguza utomvu wake kwa kina, hasa katika jimbo la Ceará ambako shirika lao la utafiti wa kilimo, Embrapa, lina kituo katika mji wa Fortaleza. Utomvu huo ni polima ya sukari inayokaribiana kitabia na gundi ya mgunga inayotumika katika vinywaji na dawa. Huyeyuka majini, hushika vizuri, na ukichanganywa na polima nyingine hutoa utando unaoweza kupakwa juu ya matunda ili yasinyauke haraka. Hapa kwetu huonwa kuwa alama ya mti mgonjwa au uliozeeka, wala hauna soko. Ni vyema kusisitiza kwamba kuuchanja mti kwa makusudi huuachia majeraha, na majeraha hukaribisha magonjwa. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Naliendele, mkoani Mtwara, ambacho ndicho kitovu cha utafiti wa korosho nchini, ndicho chenye uwezo wa kusema ni miti ipi iguswe na kwa kiasi gani. Mikorosho mizee inayosubiri kung'olewa ili kupisha miche bora ingekuwa mahali pa kuanzia pasipomtia mkulima hasara.

La tatu, na ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa sasa, ni mafuta ya maganda ya korosho. Kwa kusema kweli hayo si polima. Ni mchanganyiko wa fenoli za asili zinazoweza kugeuzwa polima kwa joto na kemikali, zikawa gundi ngumu inayostahimili maji na moto. Kati ya asilimia 15 na 30 ya uzito wa ganda ni mafuta hayo, kutegemea njia ya ukamuaji. Duniani hutumika katika brek za magari, rangi na vanishi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia kazi kwa miaka mingi. Profesa Egid Mubofu na wenzake wameandika kwa upana kuhusu namna ya kuyageuza kuwa kemikali za thamani. Kile ambacho wanga hauwezi, yaani kuzuia maji, mafuta haya yanaweza. Mafuta ghafi, hata hivyo, huchoma ngozi, kama mikono ya kinamama wabanguaji inavyoshuhudia, na kwa hiyo hayapaswi kukaribia kifungashio cha chakula pasipo kusafishwa na kuthibitishwa.

Mjadala huu umepata uzito kutokana na uamuzi wa Serikali wa mwaka 2019. Tarehe 9 Aprili mwaka huo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mhe. Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kwamba ifikapo tarehe 1 Juni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ingepigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imetangulia zaidi ya muongo mmoja nyuma, Rwanda mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Utekelezaji ulisafisha mitaro na masoko kwa kiwango kilichoonekana kwa macho. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mifuko iliyochukua nafasi, ile inayofanana na kitambaa, imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Tofauti ni kwamba ni mizito na hutumika mara nyingi. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, kilimo na huduma za afya viliruhusiwa kuendelea kwa kuwa mbadala wake haukuwepo. Pengo hilo bado lipo, na ndilo soko ambalo nyenzo za wanga na udongo zingeweza kuliingia.

Zingeweza kuliingia kwa uaminifu, lakini. Neno "inaoza" linatumika kiholela katika biashara ya vifungashio duniani kote. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kifungashio imeng'enywe na vijidudu ndani ya miezi sita, tena katika mazingira ya mtambo wa mboji wenye joto kubwa, si pembezoni mwa barabara ya Songea. Wanga na udongo wa asili hufaulu mtihani huo kwa urahisi, kwa kuwa wanga huliwa na udongo hurejea udongoni. Wanga uliochanganywa na plastiki ya petroli isiyooza haufaulu. Sehemu ya wanga huisha na plastiki ikabaki vipande vidogo visivyookoteka. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) litakapoletewa bidhaa za aina hii, swali la kwanza linapaswa kuwa ni nini kilichomo zaidi ya wanga.

Kwa maoni ya mwandishi, mfuko mwangavu wa wanga si bidhaa ya kwanza inayofaa kwa Tunduru, ingawa ndiyo inayopendeza kupigwa picha. Unahitaji mashine za gharama na unashindana na plastiki mahali ambapo plastiki ina nguvu zaidi: wepesi, bei na kustahimili maji. Bidhaa mbili nyingine zina nafasi bora. Moja ni karatasi iliyopakwa. Wanga na udongo vimetumika kupaka karatasi viwandani kwa muda mrefu kabla ya neno nano kubuniwa, na nchi yetu hutengeneza karatasi Mufindi, mkoani Iringa. Mfuko wa karatasi uliopakwa tabaka jembamba la wanga na montimorilonaiti huchelewesha mafuta na hewa kupenya, na unatosha kwa korosho zilizobanguliwa zinazouzwa kwa robo kilo, ambazo hazihitaji kukaa katika maji bali kulindwa zisichache.

Nyingine ni punje za mbolea. Urea ikifungwa ndani ya wanga na udongo hutoka polepole badala ya kusombwa na mvua kubwa ya kwanza. Tunduru ina msimu mmoja wa mvua, na mkulima wa mahindi anayenunua mbolea ya ruzuku huipoteza kiasi fulani kila mvua inapopiga siku mbili baada ya kuiweka. Hapa kupenda maji, ambako ni kasoro katika mfuko, kunageuka kuwa faida. Hakuna pia anayejali iwapo punje ina rangi ya kahawia au harufu ya muhogo, hivyo maganda yasiyosafishwa sana yanafaa. Majaribio ya namna hii yanafanyika katika nchi nyingi na hayahitaji zaidi ya mashine ya kukandia na jua la kukaushia.

Mfano wa kwamba sayansi ya nano inaweza kutoka maabara ya Tanzania na kufika kwa wananchi upo. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe za nano, na mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Kinachofaa kuangaliwa katika mfano huo ni kwamba chujio liliundwa kulingana na maji ya mahali husika, kwa kuwa uchafu wa maji ya eneo moja si wa eneo jingine. Udongo nao ndivyo ulivyo. Kichocheo kilichofaulu kwa bentonaiti ya Marekani hakitafaulu kwa udongo wa bonde la Muhuwesi kwa sababu tu vyote vinaitwa mfinyanzi.

Kwa hiyo hatua inayotangulia mashine, mafunzo na hafla ya uzinduzi ni kuujua udongo wenyewe. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao yake Dodoma, ina maabara zinazopokea sampuli. Kipimo cha miale ya X huonesha kama tabaka zinazovimba zipo na kwa kiasi gani, na kwa gharama ndogo kuliko ile ya kujenga banda la kiwanda. Halmashauri inaweza kukusanya sampuli kutoka mabonde yake na kuzipeleka kwa pamoja. Matokeo yakiwa mazuri, uchimbaji wa udongo kwa biashara utahitaji leseni ndogo ya uchimbaji chini ya Sheria ya Madini, na vijiji vyenye mabonde ya mpunga vitataka kujua mashimo yatafukiwa na nani.

Linabaki suala la maganda, ambalo halihitaji darubini. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika kwa korosho tangu msimu wa 2007/2008, mkulima huuza korosho ikiwa na ganda lake, na mnunuzi hupata vyote viwili kwa bei moja. Serikali imekuwa ikihimiza ubanguaji wa ndani, ikiwa ni pamoja na kongani ya viwanda inayoendelezwa Maranje mkoani Mtwara. Kila tani ya korosho inayobanguliwa nchini huacha takriban kilo 700 za maganda, na mikataba ya ubanguaji kati ya vyama vya ushirika na wenye viwanda ndiyo itakayoamua maganda hayo ni ya nani. Kwa chama cha msingi kinachojiandaa kuingia mkataba wa aina hiyo, kifungu kuhusu maganda kinafaa kusomwa kabla ya kutiwa saini, hata kama kwa sasa maganda hayo yanachomwa tu katika tanuri.